Halmashauri ya Shule na Mfuko wa Mzazi

Mtoto akirudishwa nyumbani kutoka langoni kwa sababu ya shilingi mia tano za kukarabati madarasa, mzazi humlaumu mwalimu mkuu. Kwa kawaida uamuzi huo haukutoka kwa mwalimu mkuu peke yake. Ulipitishwa mezani, katika mkutano wa halmashauri ya shule, ambayo siku hizi watu huiita bodi, na yamkini mzazi yule yule aliwachagua baadhi ya walioketi hapo.

Halmashauri za namna hii si jambo geni katika Kenya. Kwa sheria ya mwaka 1934 ziliwekwa Halmashauri za Elimu za Wilaya, zikiongozwa na Bwana D.C., pamoja na wajumbe wa misheni na wa baraza la wenyeji. Wazee wa nyakati hizo walikubali kutozwa kodi ya baraza ili watoto wao wapate shule, lakini kiti cha mwenyekiti hakikuwa chao.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilibadili mambo hayo. Katika halmashauri ya shule ya umma wazazi hupewa wajumbe sita, mfadhili wa shule watatu, walimu mmoja, na halmashauri ya elimu ya kaunti mmoja. Wawili waliosalia husemea makundi maalumu na watu wenye ulemavu. Jumla ni 13. Basi ijulikane kwamba wazazi, ambao ndio hasa watoao fedha za ziada, hawafikii nusu ya meza.

Kisa cha kutoza fedha hizo hakifichiki. Serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa shule ya msingi mwaka 2003, na shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari tangu 2018. Fedha za sekondari hugawiwa kwa mafungu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, na 20 wa tatu. Mara nyingi mafungu hayo yamechelewa, hali mpishi, mlinzi na muuza maharagwe hawakubali kungoja. Hapo ndipo halmashauri hugeukia mfuko wa mzazi, na haistahili kulaumiwa kwa kutafuta njia.

Lawama huanza pale njia ya sheria inapoachwa. Sheria hiyo ya 2013 inataka malipo ya ziada yapate kibali cha Waziri, baada ya kushauriana na halmashauri ya elimu ya kaunti; kura ya wajumbe 13 haitoshi. Inataka pia kila anayetoza atoe risiti rasmi. Masomo ya wakati wa likizo, ambayo halmashauri nyingine huyapitisha kwa jina la heshima zaidi, yamekatazwa kabisa. Tena inasema wazi kwamba mtoto asikataliwe shuleni kwa kukosa kulipa malipo hayo.

Kwa hiyo mzazi aliyeletewa barua ya kudaiwa ana maswali mawili ya kumuuliza mjumbe wake, kwa adabu na mbele ya wengine: kibali ki wapi, na risiti i wapi? Mjumbe asiyeweza kujibu na arudi mezani akaulize, na mtoto akae darasani wakati jibu linatafutwa.