Chuo Hakiishii Getini

Ukiambiwa uchore Kenyatta University, najua utachora nini. Geti. Lile geti kubwa la Thika Road ambalo kila mtu wa mwaka wa kwanza lazima apigie picha siku ya kuripoti. Ukijitahidi sana utaongeza miti, nyasi na maktaba. Imeisha hiyo.

Tuseme ukweli, huko ndani ni kuzuri. Lakini kabla ya kuwa chuo, hapo palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Ilikabidhiwa serikali ya Kenya 1965, ikageuzwa koleji, na 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Kambi hujengwa ili walio nje wabaki nje. Naona hiyo akili bado tunayo.

Sasa toka uingie Wendani. Huku hakuna anayepiga picha. Ploti za ghorofa zimebanana mpaka jirani akikaanga kitunguu, unajua leo anakula nini. Bedsita ya mtu mmoja wanalala watatu. Duka la M-Pesa, kinyozi, saiba, jamaa wa mayai na smokie, mathe wa chapo na madondo, halafu M-Pesa tena. Boda zinapita katikati ya watu, na kila dirisha lina ngoma yake.

Wengi huita hiyo fujo. Mimi naiita nusu ya pili ya chuo. Hosteli za ndani hazitoshi kila mtu, kwa hivyo mtaa ndio unatulaza. Na nani hukulisha kwa deni hadi HELB iingie? Si seneti ya chuo.

Mimi nilikuwa na mathe wangu wa kibanda. Siku moja sikuwa na kitu, nikawa nazunguka mbali asinione. Akaniona. "Wee kijana, njoo ule. Deni haliui, njaa ndiyo inaua." Akaandika kwenye daftari, tukasonga.

Machi 2020 Corona ikaingia, vyuo vyote vikafungwa. Tulikuwa na siku chache tu za kufunganya. Daftari la mathe lilikuwa na jina langu na shilingi 340. Nikajiambia ni wiki mbili tatu hivi, nitalipa nikirudi. Niliporudi mwaka uliofuata, pale palikuwa na mtu anauza kava za simu. Hakuna aliyejua mathe alienda wapi. Namba yake sikuwahi kuchukua. Jina lake kamili sikuwahi kuuliza.

340 si pesa nyingi, ndiyo. Lakini piga hesabu ya watu kumi, ishirini kama mimi kwenye daftari moja. Sisi tulienda nyumbani kula kwa wazazi. Yeye alibaki na daftari.

Najua utaniambia mtaa pia unatunyonya. Landilodi anapandisha kodi anavyotaka na maji yanakuja akikumbuka. Kweli kabisa. Gombana na landilodi. Lakini mathe wa madondo si landilodi, naye pia analipa kodi. Na hapo ndipo huwa nakasirika tukiandamana kisha mtu anarudi na soda za kibanda cha mtu. Hasira yetu inaweza kuwa ya haki, lakini kibanda hakikupandisha karo. Kibanda ndicho kilikulisha ukapata nguvu za kuandamana.

Chuo kikifunga, mtaa unalala njaa. Hiyo pekee inatosha kutuonyesha kwamba hawa si watu wa nje. Wako chuoni kama sisi, ila hakuna siku watavalishwa joho.

Kwa hivyo komredi, semista ikiisha, kabla hujapanda matatu na begi lako, pitia kibandani. Uliza daftari linasema nini. Lipa. Halafu uliza jina, na uchukue namba.