Tuandikieni pa kutokea

Kwa Mhifadhi Mfawidhi,
Hifadhi ya Bahari ya Silikanti,
Tanga.

Ndugu Mhifadhi,

YAH: OMBI LA UBAO WA MAELEZO KWA WAZAMIAJI WANAOINGIA BAHARINI KUTOKA NCHI KAVU

Nakuandikia kutoka Mashewa, bonde la Lwengera, wilayani Korogwe. Huenda ukajiuliza mtu wa bara ana shauri gani na bahari. Lwengera huingia mto Pangani karibu na Korogwe mjini, na udongo wa mashamba yetu ya milimani, masika yakiusomba, huenda kutia tope maji ya pwani. Tumeshaingia baharini kabla hatujalowa. Mimi mwenyewe nilijifunza kuzamia kwa mtungi miaka niliyofanya kazi Tanga mjini, na hadi leo nikipata likizo nateremka.

Hifadhi yenu ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Yeye anaishi kwenye kina ambacho sisi wa mtungi wa burudani hatukifikii. Lakini sifa zake zinaleta watu, na wasio na fedha za kukodi boti wanatafuta mwamba wa kushukia kwa miguu. Hao ndio ninaowasemea. Anayezamia kutoka kwenye boti ana nahodha anayemngojea juu. Anayeingia kwa miguu ni nahodha wa nafsi yake, na mara nyingi hajui hivyo.

Mimi sikujua. Ilikuwa Julai, kusi likivuma, siku za bamvua. Mwenzangu nami tulipanga tulivyofundishwa: mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa, mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji atavuta 40 akiwa mita 10 chini, theluthi moja ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya akiba. Hesabu ilikuwa safi. Maji yalipwa kabisa saa nne na nusu asubuhi. Sisi tulichelewa, tukaingia saa sita kamili kupitia ufa kwenye jabali. Mle ndani mlitulia kama beseni, kwa sababu mwamba wa nje ulikuwa bado umeinua mgongo na mawimbi yalikuwa yanavunjika huko mbali.

Tuliporudi ilikuwa saa saba na dakika kumi. Maji yalikuwa yamepanda karibu mita 1. Ule mwamba wa nje ulikuwa umefunikwa, na mawimbi yaliyokuwa yakikatwa kule sasa yalipita juu yake na kuja kupiga jabali moja kwa moja. Ufa wetu ulikuwa povu tupu. Jabali la pwani ile ni la matumbawe ya kale, lina meno. Wimbi likikubwaga pale na mtungi mgongoni, ngozi haibaki. Tukakaa nje ya povu, tukaogelea kufuata pwani hadi penye mchanga, tumeishiwa nguvu na hewa imebaki kidogo. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Tukamwamkia, akaitikia, akatutazama, kisha akauliza: “Wanangu, kabla ya kuingia mliangalia mtatokea wapi?”

Kosa lilikuwa letu sisi wawili, na sina wa kumlaumu. Lakini jibu la swali lile kila mvuvi wa pale analo. Anajua kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza baada ya kupwa ni kidogo tu, lakini saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya ujazo wote. Anajua kwamba siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, saa ileile ambayo mgeni ameshakunywa chai na yuko tayari. Anajua ufa upi unafaa maji yakiwa mafu na upi haufai kamwe kusi likikaza. Maarifa haya yako vichwani mwa wazee, hayako mahali ambapo mtu wa Korogwe au wa Dodoma atayasoma.

Ombi langu ni ubao, kwenye kila mwamba ambao watu wamezoea kuingilia. Mkae na wavuvi wa vikundi vya vijiji vya usimamizi wa fukwe (BMU) muuandike pamoja. Uanze na kutoka, ndipo useme juu ya kuingia. Pa kutokea pawe pawili, na pa pili pawe upande mkondo unakoelekea, kwa sababu mtu aliyechoka hawezi kushindana na mkondo. Umwambie msomaji asimame robo saa nzima akitazama mawimbi kabla ya kuvaa chochote, maana makubwa huja kwa makundi na kati ya kundi na kundi bahari hudanganya. Aache mtu nchi kavu mwenye simu na saa aliyoahidi kurudi. Chini kabisa iandikwe namba ya simu ya msaada, na mahali ilipo chemba ya karibu ya kutibu aliyepanda juu haraka mno. Miezi ya kaskazi itajwe kuwa ndiyo yenye nafuu, ingawa nayo ina siku zake mbaya. Na kama mwamba fulani haufai kabisa kati ya Mei na Agosti, tafadhali mseme haufai, kwa herufi kubwa.

Huku kwetu Lwengera ikifurika, hakuna anayetia mguu kabla hajatazama ng'ambo na kuuona mzizi atakaoushika. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Nilipofika baharini nililisahau, kwa kuwa bahari haina ng'ambo ya kutazama.

Mbao za kutosha mabao mawili nitazileta mwenyewe, zimeshapigwa randa. Nitakuwa Tanga wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba. Yule mzee nimeshaongea naye. Yuko tayari kuwatembeza maji yakiwa yamepwa, awaonyeshe nyufa moja moja.

Wako katika kuitunza bahari,
Mzamiaji wa Mashewa, Korogwe.