Bibi Harusi, Jua Lulu Yako Inatoka Wapi



Hapa Magomeni karibu kila shela ninayoshona inataka lulu. Nyingi ni za plastiki, tunazinunua Kariakoo. Lakini wapo mabibi harusi wanaotaka kitu halisi: hereni au kidani cha chaza kutoka kwa kinamama wa Bweleo na Fumba, kule Unguja. Kinamama hao ndio nataka kuwasemea leo.

Chaza hazaliwi na ganda. Yai na mbegu hukutana majini, na ndani ya siku mbili hivi kitoto kisichoonekana kwa macho inabidi kijijengee ganda la kwanza. Chakula chake ni akiba ya yai tu. Ganda ni aina ya chokaa, na malighafi yake imo kwenye maji ya bahari. Sasa moshi wa viwanda, magari na makaa ya mawe unaongeza hewa ya ukaa, nyingine inayeyuka baharini na kuzidisha tindikali. Malighafi inapungua. Kitoto kinamaliza akiba yake kwenye ganda, nalo linatoka limepinda. Wengi hawakui.

Si maneno ya kutisha watu. Oregon, Marekani, mwaka 2007 na 2008 kituo cha Whiskey Creek kilipoteza vitoto vya chaza kwa wingi mno. Walipopima maji wakaiona tindikali, wakaanza kuyatia magadi kabla ya kuyaingiza kwenye matangi. Mama wa Fumba hana tangi. Anatundika kamba baharini na kusubiri vitoto vinavyoletwa na maji. Magadi atayatia wapi?

Wengine wanawalaumu kinamama kwamba wanaokota chaza kupita kiasi. Kuokota sana kunadhuru kweli, nao wenyewe walikubali kutenga sehemu zisizovunwa ili chaza wakubwa wazae. Lakini moshi si wao walioufukuza. Kuwabebesha lawama yote ni dhuluma.

Kwa hiyo, dada, ukinunua kidani chao usimkandamize mama wa watu bei kama unanunua ushanga wa plastiki. Muulize kimetoka wapi, chagua cha chaza wa kufugwa, mlipe haki yake. Akipata riziki kwa chaza wachache, hatalazimika kumaliza waliobaki.

Mwenyezi Mungu ametaja lulu na marijani katika Suratur Rahman, na sura hiyohiyo inatuamrisha tusipunguze mizani. Tuanze na mizani ya bei.