Mkongo umefika wilayani, je zahanati?

Ndugu Watanzania, wa nyumbani na mlio ughaibuni,

Mwaka 2009 Serikali yetu ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo wa China. Mwaka 2023 ikasaini mikataba ya minara 758 vijijini. Hilo ni la kupongezwa. Lakini mnara peke yake si intaneti ya kasi. Mimi ni muuguzi. Mama mjamzito akitokwa damu usiku, mnara unatosha kupiga 115 ya m-mama aletewe usafiri. Kumtumia daktari wa mkoa picha za ultrasound ni jambo jingine.

Huku China ninakoishi, jijini Guangzhou, vijiji havikuachiwa soko. Kuanzia 2015 serikali ilitoa ruzuku na kuyataka makampuni yake ya simu yafike hata pasipo faida. Mwishoni mwa 2021 ikatangaza kwamba kila kijiji kimefikiwa.

Sisi nasi tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sheria ya 2006. Waheshimiwa wabunge, msiridhike na kilomita na minara. Ulizeni zahanati ngapi zimeunganishwa, na bando la kila mwezi analipa nani.

Naomba kuwasilisha.