Marcel Desailly, Beki Aliyetoka Ghana

Ndugu wasomaji,

Mwezi huu tuweke jembe kando kidogo. Tuzungumze juu ya kandanda.

Jioni, nikitoka kutembelea mashamba, mimi hupita kwenye uwanja wa vijana. Kila kijana anataka kufunga mabao. Anayeambiwa acheze beki hununa. Kwa hiyo leo nitawaeleza habari za beki mmoja.

Jina lake ni Marcel Desailly. Alizaliwa Accra, mji mkuu wa Ghana, mwaka 1968. Jina alilopewa kwanza ni Odenke Abbey. Mama yake aliolewa na Mfaransa aliyefanya kazi katika ubalozi. Mfaransa huyo alimlea mtoto kama mwanawe, akampa jina lake. Marcel alipokuwa na miaka 4, walihamia Ufaransa.

Marcel alikuwa na kaka, Seth Adonkor. Seth alicheza mpira katika klabu ya Nantes. Marcel alimfuata, akaingia katika shule ya mpira ya klabu hiyo. Mwezi wa Novemba 1984 Seth alikufa katika ajali ya gari. Marcel alikuwa na miaka 16 tu.

Ndugu msomaji, hebu fikiri. Mtoto yuko mbali na nchi aliyozaliwa. Kaka aliyemwonyesha njia amekufa. Angeweza kuacha mpira. Hakuacha. Mwaka 1986 alianza kuchezea timu ya wakubwa ya Nantes.

Mwaka 1992 alihamia Marseille. Mwezi wa Mei 1993 Marseille waliifunga Milan ya Italia bao 1 kwa 0, wakachukua Kombe la Ulaya. Bao hilo lilifungwa kwa kichwa na Basile Boli. Huyo naye ni beki, tena mzaliwa wa Ivory Coast. Mwaka huo huo Milan walimnunua Desailly. Mei 1994 Milan waliifunga Barcelona mabao 4 kwa 0. Bao la nne alifunga Desailly. Hivyo alichukua kombe hilo miaka miwili mfululizo, akiwa na klabu mbili tofauti. Kabla yake hakuna mchezaji aliyepata kufanya hivyo.

Mwaka 1998 Kombe la Dunia lilichezwa Ufaransa. Nahodha wa Ufaransa alikuwa Didier Deschamps, mwenzake Desailly tangu ujana wao kule Nantes. Timu yao ilicheza michezo 7 na kufungwa mabao 2 tu. Hiyo ndiyo kazi ya mabeki.

Fainali ilikuwa tarehe 12 Julai, dhidi ya Brazili. Ufaransa walikuwa wakiongoza kwa mabao 2. Dakika ya 68 Desailly alicheza vibaya. Refa alimpa kadi ya njano ya pili, akatolewa uwanjani. Wenzake 10 waliobaki walijitahidi sana. Brazili hawakupata bao. Mwishoni Ufaransa walifunga bao la tatu, wakachukua kombe. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 2000 Desailly na wenzake walichukua pia Kombe la Mataifa ya Ulaya. Baadaye akawa nahodha. Mwaka 2002 aliongoza timu yake dhidi ya Senegal katika Kombe la Dunia. Ufaransa walifungwa bao 1 kwa 0. Hata beki hodari hufungwa. Aliichezea Ufaransa michezo 116. Mwaka 2006 alistaafu.

Ndugu wakulima, kosa la beki huonekana na wote. Kazi yake njema haionekani. Ni kama kazi ya kulinda mahindi. Unalima, unapanda, unapalilia. Ukiacha shamba bila mlinzi wiki moja tu, ngedere na nguruwe mwitu wanavuna kabla yako. Hakuna anayemsifu mtoto aliyeshinda juani akifukuza ngedere. Lakini bila yeye ghala ni tupu.

Basi tuwasifu wanaolinda, uwanjani na shambani.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Marcel alipatwa na msiba gani akiwa kijana? Alifanya nini baadaye?
2. Desailly alipotolewa uwanjani, wenzake walifanya nini?
3. Katika kijiji chenu, ni nani wanaofanya kazi ya kulinda? Je, mnawashukuru?

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu