Usimwite Nusu Nasi

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni juu ya jambo linalonikereketa moyo.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alisema akimaliza kidato cha nne atasomea uuguzi wa cheti. Jamani, darasa zima liliangua kicheko! "Ati cheti? Huyo ni nusu nasi!" Mimi pia nilicheka. Leo nakiri kosa langu.

Likizo ya Agosti nyanya yangu aliamka akilalamika kuwa kichwa kinampasuka. Tulimpakia kwenye bodaboda hadi zahanati iliyo karibu nasi hapa Butere. Zamuni alikuwapo muuguzi mmoja tu, naye ni wa cheti. Alimpima nyanya presha, akaikuta iko juu mno, akaandika. Baada ya nusu saa alipima tena, akaandika tena. Baba mdogo akaishiwa na subira: "Sista, si umdunge sindano kali twende nyumbani?" Muuguzi akajibu kwa upole, "Baba, sina agizo la daktari. Nikikisia nitamdhuru mama." Akapiga simu, akatuandikia barua ya kwenda hospitali. Njiani baba mdogo alinung'unika ati yule hajui kazi.

Kule hospitali daktari aliisoma barua. Mlikuwa na vipimo vyote na saa zake. Tena iliandikwa kwamba nyanya alikuwa ameacha kumeza tembe zake za presha, jambo ambalo sisi watu wa nyumbani hatukulijua! Muuguzi ndiye aliyemdadisi polepole mpaka akasema. Matibabu yalianza papo hapo. Nyanya yu hai, na bado ananigombeza nikichelewa kuamka.

Wenzangu, hapo ndipo nilipojua kazi ya muuguzi ni nini. Ni kupima na kuandika ukweli, kusafisha vidonda, kuchanja watoto, kutoa dawa kama zilivyoagizwa, kumwosha asiyejiweza na kutunza siri yake. Zaidi ya hayo, ni kujua mpaka wake na kumwita mkubwa wake mapema. Muuguzi wa cheti husoma muda mfupi kuliko wa diploma, lakini hata yeye hufanya kazi kwa leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Akikosea, hawezi kujitetea kwamba mgonjwa ndiye aliyemshurutisha.

Najua wengine watasema, "Mbona manasi wengine hutufokea?" Ni kweli, na mimi siwatetei. Uchovu si ruhusa ya kumtukana mgonjwa. Lakini na sisi tujiulize: muuguzi mmoja akiachiwa foleni nzima, kosa ni lake peke yake? Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu Juni hadi Novemba, na wananchi wakaona zahanati isiyo na nasi ilivyo. Serikali za kaunti ziajiri wauguzi wa kutosha, ili asiwepo anayelazimika kufanya kazi iliyo juu ya masomo yake.

Tena cheti si mwisho wa safari. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi, lilianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili maelfu ya wauguzi wa cheti wafikie diploma huku wakiendelea kufanya kazi. Naye Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya dunia ya wauguzi kule Dubai mwaka 2022. Nani alimcheka siku hiyo?

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nimekwisha kumwomba radhi yule mwenzetu, naye akacheka tu, akaniambia nimsaidie Bayolojia. Wavulana kwa wasichana, anayetaka uuguzi tumtie moyo. Siku moja atakuwa peke yake zamuni, na nyanya wa mmoja wetu atashushwa kwenye bodaboda mlangoni pake.