Aliyeanguka Mwacheni Alie

Ndugu msomaji, mimi nimevunjika mara mbili katika umri wangu, mara ya kwanza mkono na mara ya pili mguu. Katika mara hizo mbili nimejifunza jambo moja ambalo nimelinyamazia miaka mingi kwa kuona haya. Jambo lenyewe ni hili: ile kauli yetu ya kwamba mwanamme halii ni kauli ya uongo, na zaidi ya uongo wake, ina madhara. Najua wako wazee wenzangu watakaokasirika. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha ndipo wakasirike.

Mimi ni mtu wa Mtambile, kusini ya kisiwa cha Pemba, na kwetu ukitaka kujua habari za kuvunjika huna haja ya kwenda mbali. Njoo msimu wa karafuu. Mkarafuu ni mti mrefu, ukiachiwa hupindukia mita 10, na una tabia mbili zisizopatana na mwili wa binaadamu. Kwanza, karafuu zake hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hivyo mchumaji hana budi kulifuata tawi mpaka pale linapokuwa jembamba. Pili, tawi lake halitoi onyo. Miti mingine hupinda kwanza na kulalamika. Mkarafuu hukatika tu, kwa sauti kama ya mtu avunjaye ukuni mkavu, na ukishaisikia sauti ile basi wewe uko njiani kuja chini.

Nilikuwa na miaka 13. Katika misimu mikubwa skuli zimewahi kufungwa ili watoto wakachume, na sisi watoto tulifurahi, kwani malipo ni kwa pishi na kila pishi ilikuwa yetu. Siku hiyo mvua ilikuwa imepita alfajiri na magome yalikuwa yakiteleza. Nilipanda na pakacha langu na upembo wa kuvutia matawi. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka niko chini, natazama mkono wangu wa kushoto, nauona umepinda mahali pasipokuwa na kiungo. Kwa muda mdogo sikuhisi kitu, nikadhani nimesalimika. Kisha yakaja.

Maumivu ya kuvunjika hayafanani na mengine. Ukijikata yanauma pale ulipojikata, na ukiungua yanauma pale ulipoungua. Ukivunjika yanauma mpaka tumboni. Nilitapika. Nilitokwa na jasho la baridi juani. Baadaye sana nilielezwa sababu yake. Mfupa umevikwa utando mwembamba wenye mishipa mingi ya fahamu, na mfupa ukivunjika ni utando huo unaopiga kelele. Misuli ya pembeni nayo hujikaza, ikazivuta zile ncha mbili zisuguane. Ndiyo maana kila mtikisiko ni kama kuvunjika upya. Nami nilivunjika upya mara nyingi siku ile, kwani nilibebwa mgongoni mpaka njiani, kisha nikapakiwa katika gari la ng'ombe, na hapana aliyefikiri kuufunga ule mkono kwanza. Walichofikiri wote ni kuninyamazisha. "Nyamaza! Weye si mwanamme?" Baba yangu, Mungu amrehemu, alinipenda sana, na ndiye aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja muungaji. Watu wawili walinishika mabega, nikatiwa pindo la kanga mdomoni, naye akavuta. Sikulia. Nilipofunguliwa macho watu walikuwa wakinisifu, na kwa siku kadhaa nilikuwa shujaa wa mtaa. Mkono uliunga, ingawa umepinda kidogo mpaka leo. Simlaumu mzee yule. Alikuwa karibu, alikuwa na huruma, na alifanya alilofundishwa. Namlaumu yule shujaa.

Nitakwambia kwa nini. Msimu ule ule alivunjika kijana mwengine wa shamba la jirani, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, mkono kama wangu. Naye alifungwa magango ya mianzi kwa vitambaa, ila wake ulikazwa mno. Usiku vidole vilivimba, vikawa vya baridi, na maumivu yakawa makubwa kuliko ya siku ya kuanguka. Hakumwambia mtu. Atasemaje, naye ameambiwa mbele ya kaumu kuwa amenishinda mimi kwa uvumilivu? Walipokuja kumfungua siku ya tatu mambo yalikuwa yamekwisha. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na vidole vyake vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Hawezi kufunga vifungo vya shati lake.

Mwili wa yule kijana ulikuwa ukisema kweli usiku kucha: kitambaa kimekaza, damu haipiti, njooni mnifungue. Shahidi mkweli alikuwepo, na sisi tulikuwa tumeshamfundisha mwenye mwili kumziba mdomo. Mnauita huu ushujaa? Mimi nauita mkono uliopotea bure.

Mara ya pili nilikuwa mtu mzima. Mwaka 1998 niliteleza na vespa katika mteremko, nikavunjika mfupa wa muundi. Watu walikusanyika, tayari kuninyanyua kama walivyoninyanyua zamani. Akatokea mama mmoja, mtumishi wa afya aliyekuwa akipita na safari zake. Akasema, "Asimguse mtu mpaka nimfunge." Akaomba fito mbili, akavua kanga yake ya juu akaichana, akaufunga mguu juu ya goti na chini ya kifundo. Kisha akaniuliza, "Yanauma wapi, kaka? Yanauma vipi?" Nilikuwa na miaka zaidi ya 30, na hilo lilikuwa ni swali ambalo hajapata mtu kuniuliza. Nililia pale pale njiani, mchana, mbele za watu. Yeye hakushtuka. Alinipangusa uso akaendelea na kazi yake. Spitali nilipigwa sindano kwanza, ndipo nikanyooshwa na kupigwa plasta.

Sasa tazama, msomaji. Mfupa wa muundi ni mkubwa kuliko wa mkono, na kwa haki ungeniuma zaidi. Haukuniuma zaidi. Uliniuma nusu, au robo. Kwa hivyo yale maumivu ya utotoni hayakuwa ya mfupa peke yake. Sehemu yake ilikuwa ya mfupa, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ya watu: ya kutofungwa, ya kutikiswa, ya kukosa dawa, na ya kuambiwa ninyamaze. Sehemu ya mfupa imeandikwa na Mwenyezi Mungu. Hii nyengine tumeiandika wenyewe.

Hapo huja mtu na hoja ya dini, akasema subira ni nusu ya imani. Subira naijua. Lakini nani kakwambia kuwa subira ni kunyamaza? Nabii Ayubu, ambaye kwa subira hana mfano, alimlilia Mola wake akasema madhara yamemgusa. Bi Maryamu, uchungu ulipomshika chini ya shina la mtende, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile, na akasema hivyo. Je, alikemewa? Aliambiwa asihuzunike, akaoneshwa maji chini yake na tende mbivu juu yake. Aliyelia alijibiwa kwa kupewa. Na Mtume wetu alituamuru tutafute dawa. Sijaona mahali tulipoamrishwa kuwanyima dawa wenzetu ili tuwapime imani.

Mwengine atanitajia mvumilivu hula mbivu. Mithali nzuri, ila karafuu haingojwi iive. Huchumwa ikiwa kikonyo, kabla haijachanua, na ikishachanua thamani yake imeshapungua. Katika shamba la mikarafuu anayevumilia hali mbivu wala mbichi. Anayekula ni mwengine.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Desturi ya kumnyamazisha aliyeumia haikuanguka kutoka mbinguni. Mikarafuu ilienea visiwani katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kubwa. Nani aliyekuwa akichuma? Walikuwa wakichuma watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897. Mtumwa aliyeanguka hakuulizwa yanauma vipi. Aliulizwa lini atapanda tena. Utumwa ukaondoka, lakini lile swali lilibaki mashambani, tukalirithi, na tukalivika nguo nzuri tukaliita uanamme. Ni kauli yenye faida kwa kila mtu isipokuwa aliyelala chini. Mwenye shamba hanunui kamba, mwenye gari hapunguzi mwendo, na ndugu hawatafuti dawa. Wote wamepumzika, kwa sababu mgonjwa ni mwanamme.

Dunia nayo inatutazama kwa jicho hilo hilo. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitoa hesabu ya dawa kali za maumivu za aina ya mofini zinazogawiwa duniani. Kwa mwaka zilikuwa tani 298.5, na nchi masikini kabisa zote kwa pamoja zilipata tani 0.1, yaani kilo 100. Je, mifupa ya masikini ina ganzi? Na wala usiniambie kuwa tatizo ni fedha tu. Uganda, tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wamekuwa wakichanganya mofini ya unga na maji na kuwapa wagonjwa wa saratani majumbani mwao, kwa gharama ndogo. Kilichotangulia ni kuamini kwamba anayesema anaumwa anaumwa kweli.

Sitaki kuwa mwongo kwa upande wangu. Yako mambo yaliyobadilika. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limewahi kuwalipa fidia walioanguka mikarafuuni, na Spitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya kujengwa kwa msaada wa China. Hayo tunayashukuru. Lakini fidia huja baada ya kuvunjika, na spitali iko mwisho wa njia. Mimi nazungumzia ile saa ya mwanzo, chini ya mti, wakati hapana daktari wala karani, tupo sisi tu na aliyeanguka. Saa ile ni yetu, na hapana serikali ya kuisingizia.

Na nimeisingizia nani mimi? Msimu uliopita mjukuu wangu alianguka. Mti haukuwa mrefu, alivunjika kifundo cha mkono. Nilifika mbio, nikamkuta amekaa, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba yai, midomo inamtetemeka. Mimi niliyevunjika mara mbili, mimi nijuaye yote haya ninayokuandikia, nilifungua mdomo nikasikia sauti ya marehemu baba yangu ikitoka: "Nyamaza. Weye si mwanamme?" Yule mtoto akanitazama, akameza kilio chake. Nilimwona akikimeza. Nikakumbuka vile vidole vilivyojikunja. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Babu kakosea. Lia, mjukuu wangu. Yanauma wapi?" Akalia sana, na katika kulia kwake akanionesha kwa kidole mahali khasa. Nikaufunga mkono kwa bua na kilemba changu, ndipo tukaondoka.

Kwa hivyo sina la kujitapa nalo. Kauli hii imo ndani yangu pia, na ndiyo maana naipiga vita hadharani. Ninayoyataka ni machache. Mvua ikinyesha, mti usipandwe mpaka ukauke. Mtoto achume yale ya chini. Mwenye shamba atoe kamba kabla ya kutoa pishi. Aliyevunjika afungwe kabla ya kunyanyuliwa, kwani fito mbili na kitambaa havimshindi mtu. Asivutwe na yeyote, si muungaji wala daktari, kabla ya kupewa cha kutuliza. Akishafungwa aulizwe usiku na mchana kama vidole vina baridi, na akisema yamezidi, asadikiwe na afunguliwe.

Na alie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia kitanda hiki mara mbili, na nakwambia kwamba kilio cha aliyevunjika ni habari. Habari haimtii aibu anayeileta. Anayepaswa kuona aibu ni yule aliyeletewa akajitia hasikii.